Patron ya Rachida

Soko la Manika, hapa Kolwezi, lilikuwa limejaa asubuhi ile, na Mansour alipita katikati ya watu juu ya pikipiki ya taxi-moto, amekumbatia bati pana kuliko njia yenyewe. Bati likanasa kikwembe cha dada mmoja, likakichana toka kiunoni mpaka gotini.

"We tata, uko na macho?" Rachida akageuka, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Kilikuwa cha kijani chenye ndege wa manjano, naye alikishona mwenyewe, maana alikuwa fundi wa nguo katika duka la Tata Omer. "Hiyi bati ni ya nyumba ya nani?"

"Haina nyumba, mama. Niko natengeneza motokari. Lamborghini."

Rachida akacheka, hasira yote ikaisha.

"Kuya uone," alisema Mansour, ambaye tayari alikuwa amekipenda kile kicheko. "Kama nakudanganya, na we unipasulie shati."

Jumapili Rachida alikwenda kwa Mansour, mtaa wa Kapata. Nyuma ya nyumba ya kampuni aliyoachiwa na baba yake, Mansour akavuta turubai, na Rachida akasogea karibu. Mbele yake palikuwa na mifupa ya gari: mabomba ya chuma yaliyochomelewa moja moja, yamelala karibu na ardhi, injini imekaa nyuma mahali pa mizigo, milango haifunguki kando bali inapanda juu. Mtu huyu alikuwa ameona picha tu, akaijenga kuanzia chini.

"Mansour, ni we ulifanya bitu hibi byote?"

"Ni mi. Mais, bati tu inanishinda. Angalia hapa pa kiuno. Ninakata, ninapinda, inakunjamana."

Rachida akatoa utepe wa kupimia shingoni, akaanza kulipima gari mabega, mgongo, kiuno.

"Unaipimia robe kama bibi-arusi?"

"Ee, robe ya fête. We nyamaza tu, chéri."

Neno hilo moja la Kifaransa, mpenzi, lilimkosesha Mansour usingizi. Wakapendana, nani angewazuia? Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula?" "Nimekula sauti yako." Mpaka Mansour akamwomba baba yake mdogo, Tata Iddy, apeleke posa siku ya Ijumaa. Mzee akatoa kanzu nyeupe sandukuni, akaipiga pasi.

Jumatano Mansour akapiga simu. Akapokea Malaika, dada mkubwa wa Rachida.

"Yaya, nipe Rachida."

"Hawezi. Iko mu chumba na patron."

"Patron?"

"Ee, patron! Iko mukubwa sana, imejala kitanda yote. Ata fasi ya kulala akuna!" Malaika akacheka, akakata.

Hapa Kolwezi mtu akikuambia patron, unamfikiria nani? Tajiri wako wa kazi. Na tajiri wa Rachida alikuwa Tata Omer, mnene, mwenye marashi yanayomtangulia barabarani. Nasi tunaosema "iko" kwa mtu na kwa sufuria vilevile, tungekosea kama Mansour. Wivu haupigi hodi. Akamwambia Tata Iddy arudishe kanzu sandukuni, akalifunika gari, akazima simu.

Ijumaa, badala ya posa kwenda, Rachida ndiye aliyekuja. Alivaa gauni jekundu na kilemba cha rangi ya dhahabu, kwapani ana bunda la karatasi, na macho yamevimba kwa kulia.

"Umezima simu juu ya nini?"

"Rudia kwa patron wako."

"Patron yangu? Nimemuleta."

"Umemuleta huku? Iko wapi?" Mansour akatazama barabarani, amekunja ngumi.

Rachida akavuta turubai, akakunjua bunda. Zilikuwa karatasi za mifuko ya saruji, zimeshonwa pamoja na kuchorwa chaki. Ndizo mafundi wa nguo wanazoita patron, vipande vya kukatia kitambaa.

"Shika hapo," akaamuru.

Mansour akashika. Kipande baada ya kipande, wakabana karatasi juu ya vyuma kwa vibanio vya nguo. Pale kiunoni Rachida aliingiza mkunjo mdogo, kama wa sketi, na karatasi ikalala bila kasoro. Kisha wakarudi nyuma kutazama.

Gari lilikuwa limesimama, zima, la karatasi ya kahawia. Upepo ulipopita, mlango ulitikisika kama unaotaka kupanda. Majirani waliokuja kuchungulia uani walisimama safu moja kama wako msikitini. Mansour hakuwahi kuliona likiwa kamili ila ndotoni.

"Mungu wangu," akanong'ona.

"Patron njo huyu," Rachida akasema. "Huyu njo alilala pa kitanda yangu, mi nikalala chini pa mukeka. Ulifikiri nani?"

Aibu ikamshika Mansour. "Nilifikiri Tata Omer. Nisamehe, Rachida. Minakupenda, wivu ikanipofusha."

"Tata Omer!" Alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Na ile tumbo? Kitanda ingevunjika!"

"Utanikubali, chérie?"

"Piga simu kwanza, mbele sijabadilisha mawazo."

Akapiga.

"Tata Iddy, ile kanzu iko wapi?"

"Mu sanduku, vile ulisema."

"Uitoe. Patron amekubali."

"Patron gani tena?"

Mansour akamtazama Rachida, amesimama kando ya gari la karatasi na utepe shingoni.

"Iko hapa, tata. Itajala nyumba yote."