Mstari wa Watu Wasemao Nipo

Aliyeitikia alikuwa Evarist, na Evarist alikuwa amepanda lori la mpunga kwenda Mpanda tangu juzi.

"Evarist!" aliita Gelasius, karani wa kijiji, chini ya ile rimu ya gurudumu aliyoigonga kila asubuhi kuwakusanya watu waende shamba la pamoja.

"Nipo!"

Marsela aligeuka, mtoto mgongoni. Mlango wa Evarist ulikuwa umefungwa. Mke wake, Josefina, alikuwa mstarini na jembe lake, anatazama mbele kama vile hajasikia kitu. Gelasius akaita jina lililofuata.

"Mama, umesikia?" Marsela alimnong'oneza Getrude, mama mkwe wake.

"Nyamaza, mwanangu. Tazama mbele."

Walikuwa wameletwa hapo mwaka uliopita, 1974, kutoka majumbani kwao kando ya mto Kavuu. Kijiji kipya kilikuwa mbele ya Kibaoni: nyumba zote kipimo kimoja, zote zimepakwa chokaa, milango yote inatazama barabara. Gelasius hakuwa mtu mbaya. Alitoka mbali, alipenda mambo yanyooke tu. Ila ukoo wa Melkior, mume wa Marsela, ulikuwa na desturi yake: mtu akiitwa kutoka nje haitikii hivi hivi. Anajibu kwa shairi lake mwenyewe, alilotungiwa na mama yake akiwa mchanga, na mpaka mtoto ajue kusema, mama ndiye humjibia. La Melkior lilikuwa likiwachekesha watu wote:

Mimi mwana wa Kavuu, nimemcheka kiboko,
akanifuata juu, nikampiga na mwiko.

"Ndugu zangu," Gelasius alikuwa amewaambia siku ya kwanza, "kila mtu na shairi lake, jembe tutashika saa ngapi? Semeni nipo. Yatosha."

Watu walicheka, na Marsela alicheka kuliko wote. Alikuwa amesoma kwa masista, Karema, kisha akamaliza kidato cha nne, na mashairi hayo aliyaona mambo ya zamani. Mwanawe Telesphor, aliyezaliwa juu ya lori siku ile ile ya kuhamishwa, hakumtungia lolote. Getrude alipomkumbusha alijibu, "Huyu ana cheti cha ubatizo, mama, kinamtosha," naye bibi akasonya, akaenda zake kuchambua mchele.

Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. Melkior alianza kwa kula mboga isiyo na chumvi bila kusema neno, yeye aliyekuwa akigomba kwa punje moja. Kisha akaacha kumwita Marsela jina, akawa anasema "wewe", kwa sauti bapa, sauti ile ile aliyokuwa nayo Josefina, na mzee Yotham, na wale vijana wa mwisho wa mstari. Na ile harufu! Chokaa mbichi, baridi, kama ukuta uliopakwa sasa hivi, ilimtoka mdomoni kila alipopumua.

Adhuhuri moja Marsela alirudi na maji asimkute. Alimtafuta nyumba kwa nyumba, akamkuta kwa Evarist, amelala kitandani kwa Evarist, na Josefina amepiga magoti anamwekea maji ya kunawa.

"Baba Telesphor! Unafanya nini humu?"

"Nyumbani," alisema Melkior.

"Hapa siyo kwetu! Josefina, dada yangu, huyu ni mume wako?"

Josefina alimtazama Melkior, akautazama mlango, akautazama mlango wa nyumba ya pili uliofanana nao. "Si nyumba ni hizi hizi," alisema.

Marsela alimvuta mumewe kwa mkono mpaka nyumbani. Akamkalisha, akamkimbilia Getrude jikoni, maneno yanamtoka kwa pamoja, mama kuna kitu, mama huyu siye Melkior, mama nifanye nini.

"Punguza sauti," Getrude alisema. "Hapa palipokatwa miti, wazee walikuwa wakipita hawaitani. Kuna jini anayeita. Hana umbo, hana sauti, anaazima ya watu. Mwenye maneno yake mwenyewe hamshiki. Sasa nyie wote mmempa neno moja."

"Na wewe?"

"Mimi nasema nipo kwa mdomo, shairi langu nalisema moyoni. Lakini huyo," akamgusa Telesphor mguuni, "huyo hana la kusema."

Kesho yake habari ilikuja kwamba Gelasius yuko hoi kwa malaria, hawezi hata kuinua kichwa, na Marsela akashusha pumzi, akajua leo hakuna kuitwa, akamweka mtoto kifuani anyonye. Ndipo rimu ilipogongwa, pale pale peupe, jua limeshatoka, hakuna mtu chini yake wala fimbo, inacheza tu yenyewe, na sauti ya Gelasius ikaanza kuita, na watu wakatoka wakajipanga, nipo, nipo, nipo, na harufu ya chokaa ikaja mpaka mtoto akaachia titi, na sauti ikateremka nyumba kwa nyumba ikikaribia mpaka ikasimama mlangoni kwao.

"Telesphor Melkior!"

Mtoto wa miezi sita aligeuza shingo. Macho yake yakatulia kama ya mtu mzima anayesubiri zamu yake, midomo ikajipanga, na kutoka kwenye koo lile dogo ikaanza sauti nzito ya kiume: "Ni—"

Marsela alimziba mdomo kwa kiganja, akakisikia kiganja kinaganda kwa baridi, akatoka naye nje mbele ya mstari mzima, hajui atasema nini, akasema alichokijua juu ya mtoto wake, analia, sauti inamkatika katikati:

"Mzaliwa wa garini, kuku… kuku wakitulilia,
mwenye doa sikioni, titi hulipigania!"

Rimu ilinyamaza. Mtoto akapiga yowe, yowe lake mwenyewe, la njaa na hasira. Nyuma yake Marsela akasikia mtu anacheka.

"Kuku wenyewe wanne," alisema Melkior, anajifuta macho kama aliyeamshwa. "Na jogoo alikunyea, Marsela. Hilo umeliacha."

Siku hiyo walikula ugali wakigombea chumvi, na Getrude akaimba mpaka jua likazama.

Asubuhi rimu iligongwa.

"Evarist!"

"Mzaliwa wa garini," ilijibu sauti bapa kutoka kwenye nyumba iliyofungwa, "kuku… kuku wakitulilia…"

"Josefina!"

"Mzaliwa wa garini, kuku… kuku wakitulilia…"

Mstari wote, mmoja baada ya mwingine, shairi la Telesphor, na pale sauti ya Marsela ilipokatika jana kwa kilio, na wao walikatika pale pale. Kando yake midomo ya Melkior ilianza kucheza. Marsela akaiziba kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamfunua mtoto mdomo, akimtafutia kitu ambacho hakijasemwa, upesi, chochote, akakiona kwenye ufizi wa chini, cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Telesphor Melkior!"

"Limeota jino leo…" alianza, na mstari mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, ukimsubiri amalizie.