Shingo ya Mbuzi wa Koko Marcelline

Kila Jumamosi asubuhi Olga alifagia uwanja, akachota maji, kisha akakaa na nyanya yake kuchagua mchele. Koko Marcelline, kama mtaa mzima wa Kasongo ulivyomwita, alitoa mawe kwenye ungo huku rozari ikining'inia mkononi. Sala hakuiharakisha, na mchele pia hakuuharakisha.

Jumamosi hii ungo ulikuwa umetundikwa ukutani. Koko alikuwa ameshazikwa, na leo ndiyo siku ya kumaliza matanga yake. Nyumba ilijaa ndugu kutoka Kabambare, na kila ndugu alikuwa na neno la kumtuma Olga.

"Olga, leta kuni!"

"Olga, kiti cha papa mkubwa kiko wapi?"

"We mutoto, ungali hapa tu?"

Olga alitaka jambo moja. Mchana, kabla ya chakula, watoto wa kapela, kanisa dogo la mtaa, wangeimba wimbo ambao Koko aliupenda kuliko zote, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuuanzisha. Mazoezi yalikuwa asubuhi hiyohiyo. Alikuwa ameshavaa kitambaa cha kichwa aliposikia sauti ya mama yake, Mama Célestine.

"Olga! Peleka mbuzi kwa Muzee Alimasi, achinje."

"Mama, na mazoezi?"

"Utaimbia watu wenye njaa? Nenda."

Mbuzi huyo aliletwa na mjomba, Papa Jean-Marie, amefungwa nyuma ya pikipiki kutoka Salamabila. Tangu zamani nyama ya kwa Koko ilichinjwa na Muzee Alimasi, jirani Mwislamu, ili watu wa kapela na watu wa msikiti wale pamoja. Kila mara, baada ya kuchinja, Koko alimpelekea shingo kama shukrani. Alikuwa na msemo wake: "Kwangu mutu haulizi chungu."

Mbuzi alikataa kutembea. Olga akavuta, mbuzi akakaa chini. Olga akasukuma, mbuzi akageuka kurudi alikotoka. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakingoja abiria walicheka hadi wakashika matumbo.

"Olga, ni wewe unapeleka mbuzi ao ni mbuzi anakupeleka?"

Alifika kwa Muzee Alimasi amelowa jasho. Hawa, mjukuu wa mzee, alitoka jikoni.

"Koko Alimasi iko kwenye shamba la mpunga," alisema. "Atarudi kwa sala ya mchana. Kaa, nikupatie maji."

"Sala ya mchana! Nitakaa hapa na mbuzi mpaka lini?"

Hakungoja hata hayo maji; akamvuta mbuzi, akaondoka. Njiani alikutana na Pitchou, mtoto wa Papa Jean-Marie, akitoka kukata kuni, panga begani.

"Uso gani huo?" Pitchou aliuliza. Aliposikia habari yote, akacheka. "Mbuzi ni mbuzi, dada. Ikishaingia kwa chungu, nani atajua?"

Olga alitazama upande wa kapela. Sauti za wenzake zilikuwa zinasikika tayari. Akamwachia kamba.

Walichinja kando ya kijito. Pitchou akabeba nyama hadi nyumbani, na Olga akakimbia kapelani. Alikuta mwenzake Laura ameshapewa kuanzisha wimbo.

"Umechelewa," mwalimu wa kwaya alimwambia. "Simama nyuma."

Akasimama nyuma, akaimba kwa hasira. Nyumbani mama yake alikuwa anamngoja.

"Muzee Alimasi alichinja vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mupelekee shingo yake kama Koko alivyofanya. Nimeifunga kwa jani la mgomba."

Olga alichukua kile kifurushi. Kilikuwa chepesi, lakini mikono yake ilichoka kukishika. Atampaje mtu shukrani ya kazi ambayo hakuifanya? Akazunguka nacho nyuma ya choo, akakificha chini ya kuni, akarudi. Kila mtu alimtuma tena, naye akatumika.

Mchana watu wakaja. Katekista aliongoza sala, watoto wakaimba, Laura akaanzisha. Halafu majirani wakaeleza maisha ya marehemu. Mmoja alisema Koko alifagia kapela mpaka mgongo ulipopinda. Mwingine alisema hakuna mtoto wa mtaa ambaye Koko hakumwosha pua. Watu wakacheka na kufuta machozi.

Mwisho akasimama Muzee Alimasi, kofia nyeupe kichwani.

"Wakati wa vita tulikimbilia pori, familia yake na yangu," alisema. "Siku moja mumewe akapata nyama ya pori, imeshakufa kwa mtego. Njaa ilikuwa kali. Marcelline angeweza kutupikia tu, nani angejua? Lakini aliniambia: 'Alimasi, hii haikuchinjwa. Leo tutakula majani sisi wote.' Watoto wake walilia. Tukala majani kwa chungu kimoja. Tangu siku ile sijamuuliza swali juu ya chakula chake."

Sahani zikaletwa. Mama Célestine akamnawisha mzee mikono.

"Mama, nilikuta mbuzi ameshaondoka," Muzee Alimasi alisema kwa upole. "Mulipata Ibrahim wa msikiti achinje, ao?"

Mama Célestine akamtazama Olga. Jibu rahisi lilikuwa pale pale: ndiyo, Ibrahim. Mzee hakungoja hata jibu. Alikuwa anatia mkono kwenye sahani, sababu hapa ni kwa Marcelline.

"Muzee, usikule!"

Olga alisema yote, toka kwa kamba mpaka shingo iliyo chini ya kuni. Pitchou akainamisha kichwa.

"Unatutia haya mbele ya watu!" Papa Jean-Marie akafoka. "Mbuzi nimeitoa mbali vile!"

Muzee Alimasi alisimama. Watu walidhani anaondoka, na Hawa akaanza kukusanya viatu. Lakini mzee alikunja mikono ya kanzu.

"Kuku iko?" aliuliza.

Walikuwepo. Olga na Pitchou waliwafukuza kuku uwanja mzima huku wageni wakinung'unika kwa njaa. Mzee akachinja. Olga akasugua chungu kingine kwa majivu, akapika upya na Hawa, moshi ukimwuma macho. Papa Jean-Marie alisogelea sufuria ya mbuzi na sahani yake.

"Hapana, kaka," Mama Célestine alimzuia. "Hiyo italiwa kesho na ndugu wa safari ya Kabambare. Leo ni chungu kimoja."

"Na njaa yangu?"

"Mama yetu alikula majani. Wewe ngoja kuku."

Jua lilikuwa limeshuka walipokula. Mama Célestine akamkalisha Olga karibu naye. Alikuwa angali amekasirika, hata hakumtazama.

"Unadhani watu walipenda chungu cha nyanya yako kwa sababu ya nyama?" alisema. "Hakuna aliyeuliza kwa sababu miaka yote hakudanganya mtu, hata siku ya njaa. Hiyo ndiyo dini yake tuliyoiona kwa macho. Wewe ulikuwa na haraka, sawa, kila mtu huwa na haraka. Lakini 'ndiyo' yako moja ya uongo ilitaka kuvunja kazi ya maisha yake yote. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajatia mkono kwa sahani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Kazi yako haijaisha."

Olga alielewa. Alichukua shingo za kuku, akazifunga kwa jani la mgomba, akamfuata Muzee Alimasi aliyekuwa anafika barabarani. Akampa kwa mikono miwili.

Mzee alikipokea kifurushi, akakitia chini ya kwapa. Hakukifungua kutazama ndani.