Ndiyo ya Scolastika

Kila alfajiri, king'ora cha mgodi kilipolia, Scolastika alikuwa ameshaamka. Aliwasha moto nyuma ya nyumba, akakoroga uji wa mtama, akamfungia baba yake viazi vilivyochemshwa katika kitambaa. Athanas, baba yake, alikunywa uji akiwa amesimama, akachukua shoka lake, akatoka kuungana na wanaume wengine barabarani. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za miti huko chini ya ardhi, ili udongo usiwaangukie wachimbaji.

Baada ya hapo Scolastika alibaki peke yake mpaka jioni.

Walikuwa wamehamia Geita kutoka Urundi mvua za vuli zilipoanza. Mama yake alibaki nyumbani kumuuguza bibi, akaahidi kuwafuata bibi akipata nafuu. Huku ugenini walipanga chumba kimoja katika nyumba ya Mama Ngassa, mwanamke wa Kisukuma ambaye mumewe alikuwa na ng'ombe upande wa Kharumwa. Mama Ngassa aliishi hapo na wanawe wawili: Nyamizi, msichana wa rika la Scolastika, na Mabula, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kutembea.

"Tuishi vizuri na mwenye nyumba," Athanas, ambaye Kiswahili alikijua kiasi, alimwambia binti yake kwa Kirundi siku ile ya kwanza. "Akikuambia jambo, itikia. Tukifukuzwa hapa hatuna pengine pa kulala."

"Nitaitikiaje, baba, na Kiswahili sikijui?"

"Sema 'ndiyo'. Neno hilo halijawahi kumuudhi mtu."

Basi Scolastika akawa mtu wa ndiyo. Mama Ngassa akimwuliza, "Umekula, mwanangu?" alijibu, "Ndiyo," na tumbo lake linanguruma. Siku moja Nyamizi alimwuliza, "Jioni twende wote kisimani?" Akajibu, "Ndiyo," kisha akaingia chumbani kwake. Nyamizi alimngoja na mtungi wake mpaka wenzake wote wakamwacha. Kesho yake alimpita bila salamu. "Anaringa yule," aliwaambia wenzake. Scolastika hakulielewa neno hilo, lakini uso uliolisema aliuelewa.

Tangu hapo hakuna msichana aliyemsemesha. Alizoea kukaa kizingitini akitazama watu wakipita, huku akijisemea kwa Kirundi ili asikie japo sauti yake mwenyewe. Baba yake aliporudi, uchovu ulikuwa umemwelemea. Mara nyingine alisinzia tonge likiwa mkononi. Scolastika alimtazama, akatamani kumwamsha waongee kidogo, akamhurumia, akaacha.

Siku ya gulio Mama Ngassa alijitwika kikapu cha michembe, vile viazi vikavu vya Wasukuma, akapita mlangoni kwa mpangaji wake.

"Scolastika, nakwenda gulioni. Mabula amelala ndani. Usiondoke hapa mpaka Nyamizi atoke shule. Umesikia, ng'wana wane, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Hutaondoka?"

"Ndiyo, mama."

Katika maneno yote hayo Scolastika alikuwa ameshika mawili tu, gulio na Mabula. Alidhani Mama Ngassa anamwarifu kuwa anakwenda gulioni na mtoto wake. Alipoona njia nyeupe, alichukua kamba na panga, akaenda kutafuta kuni.

Aliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama. Alikuta wanawake wamejaa uani. Kikapu kilikuwa kimetupwa chini, michembe imetapakaa, na Mama Ngassa ameshika kichwa akiita, "Mabula! Mabula we!" Ndani ya mlango palionekana kijimkeka kitupu. Hapo Scolastika hakuhitaji mkalimani. Aliutupa mzigo wa kuni, akasimama akifikiri.

Siku zote alizokaa kizingitini, alikuwa amemwona Mabula akiwafuata watu waliobeba mitungi, na kila mara mtu alilazimika kumrudisha. Scolastika akashika njia ya kisimani, mbio. Kando ya njia hiyo palikuwa na mtaro mrefu waliouchimba watafuta dhahabu wakauacha, na mvua ya jana yake ilikuwa imeujaza matope. Alisikia kilio kilichokauka kama cha mwana-mbuzi. Mabula alikuwa amezama hadi kiunoni, ameng'ang'ania mzizi.

Scolastika aliteleza mpaka chini, akamkumbatia, akamng'oa matopeni. Lakini kupanda hakuweza, kwa maana kila alipoweka mguu udongo uliporomoka. Akapaza sauti kwa Kirundi, "Muntabare! Muntabare!"

Hakuna aliyejua maana yake, ila kilio cha kuomba msaada hakina lugha. Nyamizi ndiye aliyefika wa kwanza. Alifungua kaniki yake iliyokuwa juu ya gauni la shule, akaiteremsha. Alimvuta kwanza mtoto, kisha wakavutana yeye na Scolastika mpaka wote wawili wakaanguka majanini, wakihema.

Uani, Mama Ngassa alimpapasa mwanawe mwili mzima. Alipoona kuwa ni mzima, hofu yake iligeuka hasira. Akaokota fimbo, akamgeukia Nyamizi.

"Mtoto nilimwachia mgeni. Wewe ukatoka shule, mwenzako akakwachia mtoto akaenda kuni, nawe ukaenda kucheza!"

"Mama, nimekuta nyumba tupu!" Nyamizi alilia.

"Mwongo! Mgeni aliniitikia kwa kinywa chake kuwa hataondoka."

Scolastika hakuyafahamu maneno, lakini aliiona fimbo, na akamwona anayelengwa. Angeweza kunyamaza. Nani angemshuku mtu aliyemwokoa mtoto? Akakumbuka baba alivyosema juu ya kufukuzwa. Hata hivyo alisogea, akasimama mbele ya Nyamizi.

"Mimi," alisema, akijipiga kifuani. Akatafuta neno. Lilikuwepo moja ambalo Nyamizi alilitumia kila alipoulizwa nani kamaliza maziwa. "Mimi sijui. Nasema ndiyo... sijui."

Mama Ngassa alishusha fimbo polepole.

"Asubuhi nilipokwambia ukae na Mabula, hukunielewa?"

"Ndiyo," Scolastika aliitikia kwa mazoea. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu. "Sijui!"

Mama Ngassa akapeleka vidole kinywani kama anayekula. "Na siku zile nilizokuuliza kama umekula?"

Scolastika aliinamisha kichwa, akaanza kulia, machozi ya siku nyingi yakatoka yote pamoja. Mama Ngassa alimkalisha kwenye kigoda karibu na Nyamizi, akawapakulia ugali na maziwa ya mgando katika bakuli moja.

Athanas aliporudi kazini na kusikia habari, alivua kofia. "Mama Ngassa, tusamehe. Kesho tutafungasha."

"Nani kakuambia ufungashe, Baba Scolastika? Keti. Mimi nina kosa langu. Nilimwacha mtoto mdogo bila kuhakikisha kama nimeeleweka. Lakini wewe ulimfundisha binti yako vibaya. Ndiyo ya asiyeelewa ni uongo, hata kama hana nia ya kudanganya. Leo ilitaka kumzika mwanangu, na huyu Nyamizi aadhibiwe bure. Asiyejua na aseme hajui, nasi tutarudia. Kuuliza si ujinga."

Athanas alimfasiria binti yake neno kwa neno. Alipomaliza aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Na mimi huko chini huitikia vivyo hivyo," alisema. "Msimamizi akiniambia kwa maneno yao ya mgodini nguzo iwekwe wapi, nasema ndiyo hata nisipoelewa, nikiogopa kuonekana mjinga. Kisha nakisia."

"Unakisia, na watu wako chini yake?" Mama Ngassa alimtazama. "Basi, Baba Scolastika, somo hili ni lenu wote wawili. Kesho kaanze wewe."

Juma lililofuata Scolastika alianza shule pamoja na Nyamizi. Upweke haukumtoka wote. Mama yake alikuwa bado mbali, na jioni zilikuwa ndefu. Lakini asubuhi ya kwanza, walipokuwa njiani, Nyamizi alimwambia jambo refu kwa haraka, huku akicheka.

Scolastika alisimama. "Sijaelewa," alisema. "Sema tena."

Nyamizi naye akasimama katikati ya njia, akalisema tena lote, polepole.