Nati Iliyopakwa Gundi

Pikipiki ilikuwa imezimwa, lakini cheni ya taimingi, ile inayozunguka ndani ya injini, ilikuwa bado inalia. Tak-tak, tak-tak, kama ukucha unaogonga debe. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio kwa kuwa aligundua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, alichomoa ufunguo, akautazama, akautia mfukoni. Sauti haikukoma.

"Si umezima?" mkewe aliuliza. Alikuwa mshonaji, na alikuwa ameiacha cherehani yake chumba cha mbele ili aje kumsaidia dakika tano tu.

"Nimezima."

"Basi mbona inaongea?"

Masikio alikumbuka maneno ya mama yake. Pikipiki ile iliachwa na marehemu baba, na umri wake ulimzidi Masikio mwenyewe. Nyuma ya silinda palikuwa na boliti ya kukazia cheni, na nati ya kuifunga boliti hiyo baba aliipaka gundi ya chuma ikazama yote. "Aliipaka makusudi," mama alimwonya asubuhi ileile. "Humo kuna mgeni. Akitoka hatafuti mlango, mwanangu. Anatafuta mkono."

Masikio alikuwa amecheka mpaka akakaa chini. "Mama, jini gani huyo wa kulala kwenye oili chafu? Amekosa nyumba?"

Mtu anaitwa Masikio, na hasikii! Cheni inayolia ilimkera kuliko jino bovu. Alibandua gundi kwa tindo, akawasha injini, akamwita mkewe. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote: yeye aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, mke akaweka kiganja kwenye kifuniko cha injini ili amwambie mtikisiko ukipungua. Nati ilipoachia, mke alishtuka. "Uwii! Imenipiga shoti," alisema, akacheka, akauacha mkono palepale. Masikio akakaza boliti, akafunga nati, akazima.

Sasa alipiga magoti, akaweka bisibisi kwenye injini. Kimya. Akaiweka kwenye ukuta. Kimya. Sauti ilikuwa inatoka nyuma yake, alikosimama mkewe, na ilikuwa inapunguza mwendo.

"Mume wangu," mke alinong'ona, "mbona nasikia baridi?"

Akaanguka.

Masikio akamlaza sakafuni, akamwita jina lake, akalirudia, na alipoona midomo inageuka rangi, mikono yake ikafanya jambo pekee ililolijua, ikaegemeza bisibisi kifuani pa mkewe na mpini sikioni, na alichokisikia humo hakikuwa moyo bali cheni, cheni kavu iliyolegea, inayogonga, inapumzika, inagonga, inapumzika zaidi, kama injini inayoishiwa mafuta kwenye mlima, na hapo akajua, bila kuambiwa na mtu, kitu gani kilichokuwa kikiuzungusha ule moyo na ni nani aliyekizima. Akairukia pikipiki, akarudisha ufunguo. Akapiga kiki, ikakataa. Akapiga tena, ikakohoa. Ya tatu ikawaka.

Mke akavuta pumzi.

Kesho yake mama alimleta mganga, mzee mpole aliyevua viatu mlangoni na kusalimia kwa adabu. Injini ilikuwa inanguruma tangu jana. Mganga aliomba bisibisi, akasikiliza kifua cha mgonjwa, kisha injini, kisha kifua tena.

"Mtoe, mzee wangu," Masikio alimsihi. "Mrudishe kwenye chuma."

"Wangapi wamewahi kurudi gerezani kwa hiari?" mganga alimjibu kwa sauti ya chini. "Baba yako alimbana. Wewe umemfungulia, na amepata nyumba yenye joto. Tena mwenye nyumba haishi bila mpangaji sasa. Nikimtoa, nawatoa wote wawili." Akamrudishia bisibisi bila kumtazama usoni, akatoka haraka. Viatu vyake viko mlangoni hadi leo.

Leo ni siku ya kumi na moja. Masikio hujaza petroli kwa faneli huku injini ikinguruma, huongeza oili kidogo kidogo, hulala amekaa, bega limeegemea tangi. Mke anashona kama kawaida chumba cha mbele, na watu husema sketi zake hazijawahi kunyooka hivi. Lakini cheni inayozunguka bila kupumzika hurefuka, na ikirefuka hugonga, na ikigonga mke hushika kifua. Kila mara Masikio hulegeza nati, huingiza boliti robo mzunguko, hufunga. Boliti haina thredi za milele; siku moja itafika mwisho wa kuingia. Akiogopa sana hulia, na anapolia huhakikisha injini inafunika sauti yake.

Asubuhi hii cherehani ilinyamaza. Mke alikuja, akasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Imeanza tena," alisema. "Thredi zimebaki ngapi?"

"Nyingi tu," alijibu Masikio, ameshika spana.

Mke akaja taratibu, akachuchumaa kando yake kama walivyozoea, akaweka kiganja kwenye kifuniko cha injini.

"Kaza," alisema. "Nitakwambia ikipungua."

Masikio akakaza. Boliti ikafika mwisho.

"Bado," alisema mkewe.