Jini Mwenye Hoja Nzuri

Tegeni masikio, kusanyiko la Bwana, wazee kwa vijana. Aliye karibu na mlango asitoke, maana neno hili linawahusu wenye nia njema kuliko linavyowahusu wezi.

Ilianza na nzi. Ilikuwa Februari ya mwaka 1846, mjini Manchester, barafu imeganda madirishani, na nzi hawakupaswa kuwako. Lakini Tabitha Penketh aliwakuta wametanda juu ya meza ya mumewe, wakiramba karatasi alizoziandika asubuhi. Alipozigusa, zilimnata vidoleni, nazo zilinuka miwa iliyochemshwa hadi kuungua. Nyumba ile haikuwa imeingiza chembe ya sukari tangu walipooana, kwa kukataa jasho la watumwa.

Josiah, mumewe, aliandika juu ya biashara na makoloni, na wabunge walimsoma kabla ya kupiga kura. Wote wawili walikuwa wa jamii ya Marafiki, Wakristo wasioapa kwa mbingu wala kwa nchi: ndiyo yao ni ndiyo, basi. Kwao aliishi Dorcas Pinnock, mjane aliyewahi kuwa mtumwa Jamaika. Mwanawe Titus aliibwa na wafanyabiashara ya watu, akauzwa Kuba, ambako utumwa ulikuwa haujakomeshwa, kwenye mashamba ya miwa.

Zamani, mezani, Josiah alimwambia, "Dada Dorcas, sukari ya Kuba haitaingia Uingereza kwa kalamu yangu. Wenye mashamba wakikosa mnunuzi, watachoka kumshikilia mwanao."

"Ndiyo?" aliuliza Dorcas.

"Ndiyo."

Sasa watetezi wa soko huru walitaka sukari zote zitozwe ushuru mmoja, iliyolimwa na watumwa na isiyolimwa na watumwa, nao walimhitaji Josiah awaunge mkono.

"Umeisikia harufu?" Tabitha alinong'ona jikoni.

"Tangu juzi. Ni ya nyumba ya kuchemshia maji ya miwa, kule Jamaika. Nilidhani nawehuka."

"Akijifungia kuandika, kuna anayemjibu."

"Anamjibu nini?"

Tabitha aliufunga mlango kwanza. "Anamsifu, dada."

Jumapili walikwenda ibadani. Marafiki hawana mchungaji wala mimbari. Hukaa kimya hadi Roho amgusapo mmoja wao, naye husimama akasema, na asemaye husikilizwa kama aliyetumwa. Hawakukumbuka kwamba kimya hakina bawabu.

Josiah alisimama. Alisema kwamba koloni ni mtoto aliyekwisha ota meno na bado ananyonya. Kwamba mfumaji wa Manchester anamnywesha mwanawe chai chungu ili mabwana wa Jamaika, waliokuwa wenye watumwa jana tu, wapate bei nzuri. Kwamba mataifa yakiuziana bila vizuizi yatasahau vita. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, huku Tabitha akiona kwamba midomo ya mumewe ilikuwa inachelewa nyuma ya sauti, kidogo tu, kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua, na chini ya mbao za sakafu magurudumu mazito, kama ya kinu cha miwa, yakaanza kusagana, polepole, yakikamua, na joto la tanuru likapanda ndani ya sketi za wanawake katika chumba ambacho pumzi za watu zilikuwa bado zikionekana kwa baridi, na ile harufu ikajaa hadi ikawa tamu mdomoni, na hakuna aliyekohoa.

"Rafiki Josiah," mzee Ephraim alisema kwa upole, "umesema bila kututisha kwa moto wa jehanamu hata mara moja. Umeanza kuzeeka vizuri."

Wachache walicheka chinichini. Dorcas akasimama.

"Kwa jina la Yesu wa Nazareti, wewe usemaye, uliingiaje kwa mtu huyu?"

"Niliitwa, mama," sauti ilijibu kwa adabu, na midomo ya Josiah haikutikisika. "Alikuwa na neno alilotaka kulivunja, akaomba sababu. Ninazo nyingi, na nyingine ni za kweli. Gauni lako hilo, pamba yake imechumwa na nani?"

Dorcas alilitazama gauni lake. "Na watumwa. Aibu hiyo ni yangu, nitaijibia mwenyewe. Lakini sisemi nawe tena. Josiah, ndugu yangu, nitazame. Sema hutaandika. Sema tu, naye atatoka."

Magurudumu yakanyamaza. Jini alimwachia, Tabitha aliona mabega ya mumewe yakilegea, na macho yakirudi kuwa yake. Msimdharau mtu huyu. Alikuwa amewalisha wenye njaa, na machozi yaliyomjaa yalikuwa ya kweli. Alimtazama Dorcas, kisha akawatazama wazee waliokwisha mkubali.

"Dada Dorcas," alisema, "mambo haya ni mapana kuliko mtu mmoja."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Magurudumu yakaanza tena, na safari hii ni wanawake wawili tu walioonekana kuyasikia. Walitoka pamoja. Kiangazi sheria ilipita, sukari ikashuka bei, wafumaji wakafurahi. Kuhusu Titus hakuna aliyesikia neno tena.

Wapendwa, pepo anayetupa watu motoni tunamjua na tunamkemea. Huyu husubiri aalikwe, na hutoka tukimwambia atoke. Wewe uliyempa mtu ndiyo, kisha ukaanza kutafuta sababu, inuka leo, umwendee mtu huyo angali hai. Usimpelekee sababu. Mpelekee neno lako.