Jogoo wa Dhahabu na Kiatu cha Kushoto

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alikwenda sokoni moja kwa moja, kwenye meza ya mama yake. Jina hilo walimpa watu wa nyumbani kwa sababu subira hakuwa nayo hata chembe. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na akiagizwa chumvi alikuwa amekwisha kufika njiani kabla ya kusikia kiasi gani. Mama yake aliuza viatu vya mitumba, na soko zima lilimwita Mama Viatu.

Meza ile ilikuwa na sheria moja, kongwe kuliko Chapuchapu mwenyewe. Viatu vya kushoto vilipangwa juu ya meza, vya kulia vilikaa ndani ya gunia chini yake. Mteja alipewa cha pili akiwa ameketi kwenye kigoda, mbele ya Mama Viatu. Akitaka kwenda kujitazama kwenye kioo cha fundi cherehani, alikwenda na kiatu kipya mguu mmoja na kikuukuu chake mguu wa pili. Ndiyo maana hapo sokoni hakuna aliyeshangaa kumwona mtu mzima na heshima zake akitembea na kiatu cheusi huku, cha kahawia kule.

Wateja wakipungua, mama alimpa Chapuchapu simu acheze mchezo wake wa shamba. Katika shamba hilo la kwenye simu kulikuwa na Jogoo wa Dhahabu, na jogoo huyo, jamani, hakuwa wa kuchezewa. Chapuchapu na kaka yake walimlea tangu akiwa kifaranga, likizo nzima, wakigombania simu na kupatana tena. Kaka aliporudi shule ya bweni alimwachia mdogo wake kazi moja tu: amtunze jogoo kama mboni ya jicho. Sasa kaka alikuwa anarudi Jumamosi.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, ujumbe uliingia mchezoni kutoka kwa mchezaji aliyejiita Rafiki wa Wote. Alisema ana farasi mwenye mabawa, amemchoka, na angependa kumbadilisha na jogoo. Moyo wa Chapuchapu ulimruka. Farasi wa mabawa ndiye mnyama ambaye kaka alimwota usiku na mchana. Akilini alimwona kaka akifungua simu, akipigwa na butwaa, halafu akimbeba juu juu kwa furaha.

Mchezo ule ulikuwa na meza ya mabadilishano. Kila mmoja aliweka mali yake pale, kila mmoja akaiona ya mwenzake, na wote wawili wakikubali ndipo mali ilipohama. Lakini Rafiki wa Wote alisema meza imeharibika siku hiyo. Ni afadhali Chapuchapu atume kwa njia ya zawadi, aanze na kitu kidogo cha kujaribia. Bila kufikiri mara mbili, akatuma kikapu cha mayai ya fedha. Rafiki akamshukuru, akamsifu kuwa ni mchezaji mwerevu, kisha akamhimiza amtume jogoo upesi kwa kuwa kuna mwingine anamtaka farasi. Tena asimwambie mtu, iwe siri yao.

Wakati huo mama alikuwa amekwenda kununua kamba za viatu. Fundi mwashi mmoja, kandambili zake zimelika hadi visigino vinagusa ardhi, akaomba kujaribu buti nyeusi. Chapuchapu hakuinua hata macho. Alitia mkono guniani, akatoa buti ya kulia, akampa, akarudi kwenye simu.

Mama aliporudi alikuta kigoda kitupu. Chini yake zilikuwa kandambili mbili, moja imefungwa kwa waya.

“Buti zangu nyeusi ziko wapi, mwanangu?”

Chapuchapu akatazama meza, akatazama gunia. Buti ya kushoto haipo, ya kulia haipo. Mama alizigeuza zile kandambili polepole, akasema kwamba kama hii ndiyo biashara yenyewe, basi leo wamepata hasara yenye matundu.

Bahati nzuri mwashi alikuwa kwenye kioo. Akarudi akitembea kwa madaha, akaona nyuso zao, akaelewa. Hakununa. Aliketi, akaivua buti ya kulia, akaiweka mezani. Akasema anaomba akamwonyeshe mkewe, muuza mboga, na hii aiache hapa. Akaondoka na buti moja na kandambili moja, anacheka peke yake.

“Umemwona?” mama alisema. “Mwenye nia njema haoni tabu kuacha kiatu kimoja. Nimeuza viatu miaka yote, wanaokasirika ni wale waliotaka kuondoka na vyote.”

Simu ikalia tena mkononi mwa Chapuchapu: fanya haraka. Safari hii hakufanya haraka. Alimweleza mama yote, farasi, mayai, na ile siri. Mama hakujua lolote kuhusu michezo ya simu, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo mwenye farasi,” akauliza, “yeye kiatu chake kimoja kakiacha wapi?”

Chapuchapu alifikiri. Hakuna mahali. Basi akaandika: weka farasi kwenye meza ya mabadilishano, nami nitaweka jogoo. Rafiki wa Wote alibembeleza, kisha akalalamika kwamba haaminiwi. Mwishoni akataka neno la siri la mchezo ili aitengeneze meza mwenyewe. Aliponyimwa akatukana. Huyo ndiye rafiki wa wote. Chapuchapu akabonyeza kitufe cha kumripoti, kisha akamzuia. Mayai ya fedha hayakurudi, na hilo lilimuuma kwelikweli.

Jumamosi kaka alifika na begi lake. Chapuchapu alimpa simu na kumwambia habari za mayai kabla hajaulizwa. Kaka akamtazama jogoo aking'aa shambani, akasema si neno, mayai yatatagwa mengine.

“Jogoo hatagi, kaka,” akajibu Chapuchapu, na wote wakacheka.

Mama aliyekuwa akishona soli aliinua kichwa. “Mayai yamekwenda, lakini umepata funzo. Mtu usiyemjua akikuhimiza ufanye haraka, akakukataza kumwambia mkubwa, akakataa kuweka chake mezani, huyo si mfanyabiashara. Mali ya mchezoni nayo ni mali, maana umeitolea jasho. Na neno la siri hapewi mtu, hata akilia.”

Jioni kaka alitoa viatu vyake vya shule, vumbi tupu. Akamwomba mdogo wake amng'arishie, pakiti ya biskuti iliyo ndani ya begi atampa baadaye. Chapuchapu alikubali. Alikipiga rangi kiatu cha kushoto mpaka kikaakisi taa, akakiweka mezani. Kisha akakunja mikono, akakaa kando ya kile cha kulia na vumbi lake, akisubiri biskuti.