Samli kwenye Taa za Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Alute aliosha gari. Lilikuwa pikapu ya kijani, mali ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Ihanja. Tulilinunua kwa karanga na asali tulizouza pamoja kwa misimu mitatu. Kila mtu aliliita "gari letu", hata wazee ambao hawajawahi kulipanda.

Dereva alikuwa Alute. Mama yake, Bibi Theresia, hakuchoka kutukumbusha. Gari likipita, alisimama na jembe lake akasema, "Yule dereva ni mwanangu." Aliwaambia hivyo hata watu waliokuwepo Alute alipozaliwa.

Bibi Theresia ni fundi wa vibuyu vya maziwa. Akimaliza kusafisha kibuyu, hukipaka samli iliyochanganywa na masizi, kisha hukiweka karibu na moto. Hurudia hivyo mpaka kibuyu king'ae cheusi. Siku moja Alute aliomba mchanganyiko huo kidogo. Akaupaka kwenye taa za nyuma za gari. Akapaka leo, akapaka kesho. Taa zilizokuwa nyekundu kama nyanya zikawa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Sasa gari limependeza," alisema Alute.

Tulimsifu. Mimi ninayeandika habari hii nilimsifu kuliko wote, na leo naona aibu kidogo.

Wakati wa mavuno ndipo tulipopata fundisho. Mchana mmoja tulikuwa tunarudi kutoka shamba la kijiji. Alute alitangulia na magunia ya uwele. Nyuma yake alikuja Zefania na trekta, akivuta trela. Kwenye trela tulikaa watu ishirini, pamoja na Bibi Theresia na Selina, mke wa Alute. Vumbi lilikuwa jingi mno.

Mara ng'ombe wakavuka barabara. Alute alikanyaga breki. Zefania hakujua lolote mpaka alipoliona gari liko karibu kabisa. Alikata usukani, trekta ikaingia kwenye mabua, trela ikainama upande mmoja. Tuliangukiana. Bibi Theresia alichubuka kiwiko.

Zefania alishuka, akaiendea pikapu.

"Alute, ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga."

"Taa haikuwaka."

"Iliwaka. Balbu ni nzima."

"Basi iliwaka kwa ajili yako peke yako. Mimi sikuiona."

Ndugu Mazengo, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa kwenye trela vilevile. Alijikung'uta mabua polepole.

"Zimebaki siku nane kufika Saba Saba," alisema. "Tunakwenda Singida mjini kwenye maonyesho. Pikapu mbele, trekta nyuma, watu kwenye trela. Kama Zefania haoni taa zako, utanirudishia ufunguo. Tutatafuta dereva mwingine."

Alute alimtazama mama yake. Bibi Theresia alikuwa anafuta damu kwenye kiwiko. Siku hiyo hakusema kwamba yule dereva ni mwanawe. Kimya hicho kilimuuma Alute kuliko maneno ya mwenyekiti.

Usidhani aliondoa ule weusi. Aliupenda mno. Alijiambia, "Taa haionekani kwa sababu balbu ni ndogo. Nitatia balbu kali zaidi." Akapata balbu mbili kutoka kwenye lori bovu. Balbu za zamani ziliandikwa 21 na 5. Hizi ziliandikwa 45. Hazikukaa vizuri mahali pake, akazifunga kwa waya. Alipowasha, fyuzi ikakatika. Akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaizungushia ile fyuzi. Taa zikawaka.

"Selina, njoo uone," aliita kwa furaha.

Selina alitoka nje pamoja na mdogo wake, Esta, aliyefika asubuhi ile kwa likizo. Esta alijifunza ufundi wa magari alipokuwa katika Jeshi la Kujenga Taifa. Sasa alifanya kazi katika gereji moja mjini. Sisi majirani nasi tukasogea. Kweli, taa ziling'aa zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Bibi Theresia akatoka jikoni akinusa.

"Nani anakaanga?" aliuliza. "Nasikia harufu ya samli."

Hakuna aliyekuwa anakaanga. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye taa ya kushoto.

"Zima, shemeji," alisema Esta. "Zima upesi."

Alute alizima. Kioo cha taa, ambacho ni cha plastiki, kilikuwa kimelainika na kuvimba. Alute aligusa waya za nyuma yake, akarudisha mkono haraka. Zilikuwa za moto. Alisimama pale akipuliza vidole, na hakuna aliyecheka.

"Nilitaka zionekane tu," alisema mwishowe. "Nieleze, shemeji. Nimekosea wapi?"

Esta alimgeukia dada yake.

"Dada, kioo cha chemli kikiingia masizi, unafanyaje? Unapandisha utambi?"

"Nikipandisha utambi kioo kitapasuka," alijibu Selina. "Nafuta kioo."

"Basi taa ya gari ni hivyo hivyo. Mwanga ulikuwepo. Masizi na samli ndivyo vilivyouzuia. Ukitia balbu kali, unaongeza joto ndani, na kioo kinalainika. Waya nazo hazikutengenezwa kubeba umeme mwingi hivyo."

"Na fyuzi?" aliuliza Alute.

"Fyuzi inakatika makusudi ili waya zisiungue. Ile karatasi ya sigara haikatiki upesi. Ungeweza kulichoma gari zima."

Tulitazamana. Karanga za misimu mitatu zingekuwa majivu. Mimi niliyekuwa nasifu zile taa nilijificha nyuma ya mgongo wa Zefania.

Esta akaokota balbu moja ya zamani, akainyanyua juani.

"Tazama ndani, shemeji. Unaona nyuzi mbili nyembamba za chuma? Uzi mmoja, wa ile 5, una mwanga hafifu. Huo ni wa taa ya kawaida. Wa pili, wa ile 21, una nguvu. Huo unawaka ukikanyaga breki. Aliye nyuma anaona mwanga umeongezeka, anajua unasimama. Sasa hii ya 45 ina uzi mmoja tu. Ukiwa umewasha taa kwenye vumbi, ukanyage breki au usikanyage, mwanga ni ule ule. Zefania atajuaje?"

Alute alizichukua zile balbu mbili, akazilinganisha juani.

"Kumbe nilikuwa nazidi kuharibu," alisema.

Bibi Theresia akakunja mikono ya gauni lake. "Samli ilikuwa yangu. Nilikupa bila kuuliza unaipeleka wapi. Selina, leta maji."

"Yawe ya uvuguvugu, mama," alisema Esta, "na sabuni, na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala majivu. Plastiki itakwaruzika."

Bibi Theresia alichana kanga kuukuu, akafuta mwenyewe. Weusi ulitoka kidogo kidogo. Alute alipiga magoti kando yake, akisuuza kitambaa. Kabla ya jioni taa ya kulia ilikuwa nyekundu tena. Ya kushoto haikufaa.

Kesho yake Alute na Esta walipanda basi kwenda mjini. Walirudi na kioo kipya, fyuzi ya kufaa, na balbu zilizoandikwa 21 na 5, zenye nyuzi mbili. Esta alimwachia Alute bisibisi afunge mwenyewe. Alifunga, akakagua, akafungua, akafunga tena.

Ndugu Mazengo alifika na Zefania. Zefania akarudi nyuma hatua hamsini, kwenye jua kali.

"Sasa?" aliita Alute kutoka kwenye usukani.

"Naona."

"Na sasa?"

"Umeachia. Sasa umekanyaga. Naona, Alute."

Alute aliendelea kuuliza mpaka Zefania akachoka akaketi chini. Mwenyekiti hakuutaja tena ufunguo.

Siku ya Saba Saba tuliondoka asubuhi, pikapu mbele na trekta nyuma. Zefania alikaa mbali kidogo kuliko zamani, kama Esta alivyomshauri. Akina mama waliimba kwenye trela. Vumbi lilikuwa lile lile. Njiani kundi la mbuzi liliingia barabarani. Ndani ya vumbi tukaona taa mbili nyekundu zikiongeza mwanga. Zefania akapunguza mwendo, akasimama taratibu. Wimbo haukukatika hata kidogo.

Kando yangu alikaa mama mmoja mgeni, tuliyempakia Ihanja. Aliinua shingo.

"Mbona tumesimama?" aliuliza.

Bibi Theresia alikuwa amepakata kibuyu kipya cha kupeleka kwenye maonyesho. Kilikuwa kimepakwa samli na masizi, kinang'aa cheusi.

"Dereva wa mbele amekanyaga breki," alisema.

"Umejuaje, na vumbi lote hili?"

"Taa zake zinaonekana," alijibu Bibi Theresia. Akakiweka kibuyu vizuri mapajani, akanyoosha mkono wenye kovu kwenye kiwiko. "Yule dereva ni mwanangu."